Grete Hermann na Ujasiri wa Kuikataa Hoja ya Upande Wako

Wasomaji wangu wa siku zote wamezoea kunisoma nikiandika juu ya siasa na utumishi wa umma. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie fizikia, au kwa usahihi zaidi, falsafa ya fizikia. Siikimbii siasa. Mfano bora ninaoujua wa uadilifu katika mabishano haukutokea bungeni wala mahakamani. Umo katika kurasa chache zilizochapishwa mwaka 1935 na mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeitwa Grete Hermann, kurasa ambazo kwa takriban miaka 40 karibu hakuna aliyezijali.

Hermann alizaliwa Bremen mwaka 1901. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Göttingen, ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vitovu vikuu vya hisabati duniani, na msimamizi wake wa udaktari alikuwa Emmy Noether, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1926, iliuliza swali ambalo wakati huo lilionekana la watu wachache mno: je, matatizo ya aina fulani katika aljebra yanaweza kutatuliwa kwa hatua zenye ukomo, na ukomo huo ni upi? Kompyuta zilikuwa bado hazijaundwa. Leo wataalamu wanaofundisha kompyuta kufanya aljebra huihesabu kazi hiyo miongoni mwa misingi ya taaluma yao.

Baada ya hapo akahamia falsafa. Akawa msaidizi wa Leonard Nelson, mwanafalsafa wa hapohapo Göttingen aliyefuata mapokeo ya Immanuel Kant, na aliyeamini mambo mawili kwa uzito ulio sawa: kwamba falsafa inapaswa kuwa na ukali wa hisabati, na kwamba maadili yasiyozaa matendo si maadili. Nelson aliunda jumuiya ndogo ya kisoshalisti iliyojulikana kwa kifupi kama ISK, ambayo wanachama wake waliishi kwa nidhamu kali, bila pombe wala nyama. Nelson alifariki mwaka 1927 akiwa na miaka 45 tu. Hermann, pamoja na mwalimu Minna Specht, wakabaki kuhariri maandishi aliyoyaacha.

Kisha siasa ikapanda moto. Kabla ya uchaguzi wa Ujerumani wa Julai 1932, ISK ilitoa wito wa dharura ikivisihi vyama viwili vikubwa vya wafanyakazi, cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia na cha Wakomunisti, viweke kando uhasama wao na kuungana dhidi ya Wanazi. Albert Einstein na msanii Käthe Kollwitz walikuwa miongoni mwa waliotia saini. Vyama havikuungana. Januari 1933 Adolf Hitler akawa Kansela. Gazeti la ISK, ambalo Hermann alilifanyia kazi, likapigwa marufuku. Noether, aliyekuwa Myahudi, akafukuzwa chuoni mwaka huohuo. Alikwenda Marekani na kufia huko mwaka 1935.

Basi katika miaka hiyo Hermann aliishi maisha mawili. Kwa upande mmoja alifundisha falsafa na siasa kwa siri kwa watu waliokuwa katika upinzani dhidi ya utawala wa Kinazi. Kwa upande mwingine aliandika juu ya elektroni na atomu. Msomaji mwanaharakati ataniuliza: kwa nini mtu ambaye nchi yake inaungua apoteze muda kwa elektroni? Jibu ni kwamba kwa Hermann mambo hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja. Shule aliyotoka ilifundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kuupata ukweli, katika maumbile na katika maadili, bila kupiga magoti mbele ya mamlaka yoyote. Sasa fizikia mpya ilikuwa inasemwa kuwa imeubomoa msingi mmojawapo wa mafundisho hayo.

Msingi wenyewe ni huu. Kant alifundisha kwamba kila tukio lina kisababishi chake, na kwamba hili si jambo tunalolijua baada ya kuyachunguza matukio mengi. Ni sharti la kuweza kujua chochote. Fizikia ya kwanta, iliyopata umbo lake kati ya mwaka 1925 na 1927, ilionekana kusema vingine. Chukua atomu nururifu. Tunaweza kusema ni sehemu gani ya rundo la atomu kama hizo itavunjika katika muda fulani. Lakini ukiniuliza kuhusu atomu hii moja, itavunjika lini, nadharia hainipi jibu. Je, ni kwa sababu kuna kisababishi ambacho bado hatujakigundua, au ni kwa sababu hakuna cha kugundua?

Mwaka 1934 Hermann alisafiri hadi Leipzig kubishana juu ya swali hilo na Werner Heisenberg, aliyekuwa amekwishapata Tuzo ya Nobel, na mwanafunzi wake Carl Friedrich von Weizsäcker. Heisenberg aliyakumbuka majadiliano hayo kwa heshima, na akayapa sura nzima katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1969. Hermann alikwenda akiwa na shaka kubwa: kutokukiona kisababishi hakuthibitishi kwamba hakipo.

Hapa ndipo jina kubwa linapoingia. Mwaka 1932 John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria ambaye akiwa na miaka 28 tu alikwishakuwa gwiji, alichapisha kitabu juu ya misingi ya kihisabati ya fizikia ya kwanta. Ndani yake mna uthibitisho ambao wengi waliuelewa hivi: haiwezekani kuwepo sifa zilizofichika ambazo, kama tungezijua, zingetuwezesha kutabiri kwa uhakika kila kipimo. Mlango umefungwa, na aliyeufunga ni von Neumann. Kwa miongo kadhaa ikatosha kulitaja jina hilo kumnyamazisha mtu.

Hermann hakulitazama jina. Aliusoma uthibitisho mstari kwa mstari, na akaishia kwenye dhana moja. Von Neumann alichukulia kwamba, ukiwa na vitu viwili vya kupima, wastani wa jumla yake ni sawa na jumla ya wastani wa kila kimoja. Kanuni hii ni ya kweli katika fizikia ya kwanta, mradi tunazungumzia makundi ambayo nadharia hiyo inayaelezea. Lakini anayeamini sifa zilizofichika anasema kwamba ndani ya kila kundi kama hilo mna makundi madogo zaidi, ambayo kila moja lina sifa zake. Je, ni nani aliyetuhakikishia kwamba kanuni ya kundi kubwa inafanya kazi hadi ndani ya makundi hayo madogo?

Niliweke kwa lugha ya nyumbani. Wastani wa watoto kwa familia katika kijiji unaweza kuwa 4.5, lakini hakuna familia yenye watoto wanne na nusu. Kilicho kweli kwa kijiji si lazima kiwe kweli kwa kila nyumba. Kwa elektroni, mfano uliozoeleka leo ni wa spini. Pima spini kwa upande mmoja, kwa kizio kinachofaa: jibu ni +1 au −1. Ipime kwa upande wa pili ulio mraba na ule wa kwanza: tena +1 au −1. Ile sifa ambayo nadharia inaihesabu kuwa jumla ya hizo mbili nayo inaweza kupimwa, kwa kifaa kilichowekwa katikati ya pande hizo, na majibu yake ni takriban +1.41 au −1.41. Sasa jaribu kujumlisha +1 na −1 upendavyo: utapata 2, 0 au −2, lakini 1.41 hutaipata kamwe. Kanuni ya kujumlisha inashika kwa wastani wa vipimo vingi. Kwa kipimo kimoja kimoja haishiki. Kwa hiyo anayedai kwamba ishike hata mahali ambapo kila sifa ina thamani moja kamili amekwishaamua tangu mwanzo kwamba thamani hizo hazipo. Hermann aliuita uthibitisho huo mduara: umeingiza katika dhana zake kile ulichoahidi kukithibitisha.

Hadi hapa ni kisa cha mtu mdogo aliyeona kosa la mtu mkubwa, na visa vya aina hiyo tunavipenda. Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni jambo jingine, ambalo wanaomtaja Hermann mara nyingi hulipita.

Hermann mwenyewe hakuamini sifa zilizofichika. Majadiliano ya Leipzig yalikuwa yamemshawishi kwamba fizikia ya kwanta haikuacha pengo la kujazwa na visababishi vipya. Katika andiko lilelile la mwaka 1935 anatetea wazo kwamba visababishi vya tukio la kwanta vimo tayari ndani ya nadharia. Baada ya kipimo kufanyika, mwanafizikia anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua na kueleza ni kwa nini matokeo yale yalitokea. Asichoweza ni kuyasema kabla, kwa sababu maelezo yenyewe yanategemea ni kipimo gani kilichofanyika na kimeleta jibu gani. Kujua kisababishi na kuweza kutabiri, alisema, ni mambo mawili, na sisi kwa mazoea tumeyafanya moja.

Tazameni basi alipokuwa amesimama. Hitimisho lililovutwa kutoka kwa uthibitisho wa von Neumann, kwamba tusitafute sifa za ziada, lilikuwa hitimisho lake pia. Angeweza kumnukuu gwiji yule, akaongeza uzito wa hoja yake, na akasonga mbele. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisimama na kusema: tunakubaliana tunakofika, lakini njia hii haifiki huko. Kisha akajitafutia njia yake mwenyewe.

Wala hakuwapendelea wa nyumbani kwake. Wafuasi wa Kant waliomtarajia arudi na ushindi kamili walipata jibu lenye gharama: kanuni ya visababishi imebaki, lakini mazoea ya kuilinganisha na utabiri lazima yaachwe, na maarifa yetu juu ya maumbile hayatengani na mazingira ya kipimo yaliyoyaleta. Aliwasumbua walio mbele yake, na waliokuwa nyuma yake akawasumbua vilevile.

Kilichofuata ni kimya. Andiko lilichapishwa katika jarida la shule ya falsafa ambalo wanafizikia wengi hawakulisoma. Mwandishi alikuwa mwanamke asiye na wadhifa wa chuo kikuu, na mwanachama wa kundi linalosakwa na polisi wa siri. Mwaka 1936 aliondoka Ujerumani kwenda Denmark, na baadaye akaishia London, ambako alibaki hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1952 David Bohm alitoa nadharia iliyofanya hasa kile ambacho uthibitisho ule ulisemekana kukikataza. Mwaka 1966 John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast, alichapisha uchambuzi wa kosa lilelile, bila kumtaja Hermann. Ni mwaka 1974 tu ambapo mwanahistoria Max Jammer alimrudisha hadharani katika kitabu chake juu ya falsafa ya fizikia ya kwanta.

Haki inanitaka niongeze neno kwa upande wa von Neumann. Wapo wanazuoni wa leo wanaosema kwamba yeye mwenyewe alidai kitu chembamba kuliko kile walichokidai waliomfuata, na kwamba uthibitisho wake, ukisomwa kwa mipaka yake, una thamani. Mjadala huo unaendelea, na sina haja ya kuuamua hapa. Iwe iwavyo, hali ya waliomtumia haibadiliki: wengi waliutaja uthibitisho bila kuusoma, kwa kuwa ulisema walichotaka kusikia na ulikuwa na sahihi ya mkubwa.

Nisijifanye mtazamaji tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikundi cha wahadhiri kilichoandaa waraka wa kupinga kucheleweshwa kwa posho za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Niliamini wakati ule, na ninaamini leo, kwamba ucheleweshaji ule haukuwa wa haki. Hoja yetu ya tatu ilisema kwamba wastani wa alama za mafunzo hayo ulishuka katika mwaka ambao posho zilichelewa, hivyo ucheleweshaji umeshusha ufaulu. Mhadhiri msaidizi, kijana aliyekuwa akituandikia kumbukumbu za kikao, aliomba kusema. Alitukumbusha kwamba mwaka uleule utaratibu wa kusahihisha ripoti za mafunzo ulibadilishwa na kuwa mkali zaidi. Wastani ungeweza kushuka hata kama kila mwanafunzi angelipwa kwa wakati.

Mmoja wetu akamwambia asiwape wapinzani silaha. Mimi sikusema kitu. Nilijua kwamba ana hoja, nikanyamaza kwa sababu hoja ya tatu ilikuwa inatusaidia. Waraka ukaenda. Waliotujibu hawakugusa hoja ya kwanza wala ya pili, ambazo zilikuwa imara. Walichukua ile ya tatu, wakaeleza habari ya usahihishaji, wakahitimisha kwamba wahadhiri hawajui hata kusoma takwimu zao. Jambo letu la haki likaanguka kwa mzigo ambao sisi wenyewe tuliubebesha. Yule kijana hakutukumbusha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya chake kilinifika.

Tangu siku hiyo ninapowafundisha wanafunzi wangu juu ya Hermann, huwa siishii kwenye swali la ni nani aliyepuuzwa. Hilo ni swali la haki na lazima liulizwe, hasa katika vyuo ambamo bado tunamuuliza msemaji cheo chake kabla ya kumuuliza hoja yake. Lakini lipo swali gumu zaidi, kwa kuwa linatugeukia sisi: je, ni hoja ngapi mbovu tunazozilinda kwa sababu ziko upande wetu? Mtumishi wa umma anayepitisha ripoti yenye hitimisho analolipenda mkuu wake, mwanaharakati anayesambaza takwimu asiyoikagua kwa sababu inamchoma adui, mwanafunzi anayenukuu jina kubwa ili asilazimike kufikiri, wote wanafanya kile ambacho Hermann alikikataa.

Watu husema kwamba katika mapambano hakuna nafasi ya anasa hiyo. Kwanza tushinde, usahihi utafuata. Sidhani kwamba kuna mtu mwenye haki ya kumfundisha Hermann maana ya mapambano. Aliandika kurasa zile huku akiwafundisha kwa siri watu ambao wangeweza kukamatwa siku yoyote. Nadhani aliona kile ambacho sisi tuliosalimika tunakisahau: utawala anaoupinga ulikuwa umejengwa juu ya watu kukubali mambo kwa sababu ya aliyeyasema na kwa sababu yaliwafurahisha. Huwezi kuupinga utawala wa namna hiyo huku ukiilea tabia hiyohiyo ndani ya chama chako.

Na maisha yake ya baadaye yanaonyesha kwamba hakuliacha somo hilo kwenye fizikia. Nelson, mwalimu aliyempenda, hakuiamini demokrasia ya kura za wengi. Alitaka uongozi wa wenye hekima waliofundwa. Baada ya vita ISK ilijivunja, na wanachama wake wakajiunga na chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia. Hermann alirudi Ujerumani mwaka 1946, akaongoza chuo cha ualimu cha Bremen na kufundisha huko falsafa na fizikia, na akashiriki katika kazi ya kuandaa mpango mpya wa chama hicho uliopitishwa Godesberg mwaka 1959. Mwanafunzi wa mtu aliyeitilia shaka demokrasia akaishia kuwa mjenzi wa demokrasia, bila kuacha kuyafanyia kazi mawazo ya mwalimu wake juu ya maadili. Alifariki Bremen mwaka 1984.

Yule mhadhiri msaidizi yuko mbali sasa, anaendelea na masomo yake. Nilimwandikia mwaka jana kumwomba radhi. Jibu lake lilikuwa fupi na la adabu: alinishukuru, kisha akauliza kama waraka mpya tunaouandaa umekwisha kaguliwa takwimu zake. Ulikuwa haujakaguliwa. Nimempelekea rasimu yote aisome kabla hatujaitia saini.